Luger P08 ya 1917 yenye "1920" na muhuri wa S.D.: ni ya SS kweli?

Chuma_Kale

Habari zenu wakuu. Kuna Luger P08 inauzwa na mtu binafsi hapa Marekani, na amekubali niifungue mezani kwake kabla ya kulipa. Bei anayoitaka ni ya bastola ya SS, kile kikosi cha chama cha Hitler. Naomba mnisaidie kuisoma kabla sijatoa hela. Nilichokiona ni hiki:

Juu ya chemba kuna miaka miwili, 1920 na chini yake 1917. Goti, yaani ule mkono wa juu unaojikunja na kufunga chemba, lina nembo ya kiwanda cha DWM, zile herufi zilizosukana. Mbele ya fremu kuna namba 4732 na chini yake herufi h ya mlazo. Ubavu wa kushoto wa sehemu ya juu inayobeba mtutu kuna 4732 tena, na chini ya mtutu kuna 4732 h pamoja na 8,83. Vipuri vidogo vina 32, isipokuwa goti lote na kizibo cha chemba, ambavyo vina 18. Mbele ya mpini, pale vidole vinapokamata, pamepigwa S.D. na namba zilizofutika nusu. Kushoto, juu kidogo ya ule upau unaoachilia pini ya kugongea, kuna kitundu kidogo kilichozibwa. Triga na wenzo wa kufungulia ni vyeusi. Magazini ina kitako cha alumini na namba isiyohusiana kabisa na bastola. Mtutu nimeupima kwa kijiti cha mbao, goti likiwa limefungwa: milimita 100.

Muuzaji anasema S.D. ni Sicherheitsdienst, idara ya ujasusi ya SS, na kwamba kitundu ni kazi ya kiwandani. Je, ni kweli? Imepakwa rangi upya? Goti la 18 linashusha bei kiasi gani? Na inafaa kupigwa uwanjani?

Fundi_Mzizima

Mkuu, umeandika vizuri, maana karibu kila jibu limo ndani ya maelezo yako mwenyewe. Ila kabla ya muhuri wowote, jambo moja la usalama ambalo kwenye Luger ni tofauti na bastola nyingine.

Toa magazini, vuta goti juu mpaka chemba ionekane, ingiza ncha ya kidole uthibitishe haina kitu. Usitegemee neno GELADEN, yaani "imepakiwa", lililo kwenye kivuta ganda peke yake. Sababu ni kwamba upau unaoachilia pini umefungwa kwenye sehemu ya juu, ubavu wa kushoto, wala haumo ndani ya fremu. Maana yake sehemu ya juu ikiwa imetolewa kwenye fremu, ikiwa na risasi chemba na pini imekokwa, kidole kikibonyeza ncha ya mbele ya upau huo itafyatuka. Haina triga, haina mpini, lakini inafyatuka. Shika hilo, kwa sababu ndilo linalojibu swali lako la kitundu.

Hatari hiyo ndiyo iliyowafanya polisi wa Prussia, jimbo kubwa la Ujerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1930, wafunge kipande cha springi bapa juu ya upau. Bamba la pembeni likiwa mahali pake, springi inainuliwa na bastola inafanya kazi kama kawaida. Bamba likitolewa, springi inashuka na kuuzuia upau usisogee. Baadaye nyingi ziling'olewa, na kinachobaki ni kitundu cha ribiti juu ya upau. Kitundu chako ni hicho. DWM hawakutoboa hapo mwaka 1917. Kwa hiyo bastola hii ilipita mikononi mwa polisi, tena ilikuwa bado ipo kazini miaka ya 1930.

Sasa 1920. Huo si mwaka wa kutengenezwa. Baada ya vita Ujerumani ilijaa silaha mikononi mwa raia na vikundi vya wapiganaji, na serikali ilipoanza kuzikusanya ikaamuru silaha zake yenyewe zipigwe 1920 ili zijulikane ni mali ya dola. Ndiyo maana unaona miaka miwili: 1917 ni kiwanda, 1920 ni umiliki. Bastola yenye miaka miwili namna hii ilibaki jeshini au polisini.

Na S.D. Hili limewalisha watu hasara miaka mingi. Polisi wa Prussia walikuwa na utaratibu wa kupiga alama mbele ya mpini: herufi ya kwanza ni ya aina ya polisi, inayofuata ni ya wilaya, kisha namba. S ni Schutzpolizei, yaani polisi wa kawaida wa sare, na D ni Düsseldorf. Sicherheitsdienst ya SS ilianza 1931 chini ya Heydrich, na herufi kugongana nayo ni bahati tu. Zile namba zilizofutika ndizo ushahidi wako mkubwa, kwa hiyo zipige picha: taa iwe chini kabisa, karibu isawazike na chuma, uizungushe taratibu mpaka vivuli vijae kwenye mikwaruzo ya namba. Usipake chaki wala dawa ya meno ndani ya muhuri. Ukiona namba ya Kirumi ikifuatwa na namba ya kawaida, huo ni mpangilio wa polisi, kitengo kisha namba ya silaha.

Ukiweka vyote pamoja: askari wa Kaisari 1917, mali ya dola 1920, polisi wa Düsseldorf, springi ya usalama. Kila alama inaisaidia mwenzake. Hadithi ya SS haina hata alama moja inayoiunga mkono. Kwa mkusanyaji makini, Luger ya polisi yenye historia iliyonyooka namna hii ni kitu kizuri chenyewe. Haihitaji kuvalishwa sare isiyo yake.

Kioo_Mara_Kumi

Naongezea kwenye namba, maana hapo Fundi amepita haraka.

Bastola za kijeshi za DWM zilihesabiwa kuanzia 1, na zikifika 10000 zikaanza upya na herufi a, halafu b, na kuendelea, kila mwaka upya. Ndiyo maana 4732 bila herufi na bila mwaka haielezi chochote: zinaweza kuwepo nyingi. Ukiandika kumbukumbu ya bastola, andika daima kiwanda, mwaka, namba na herufi kwa pamoja: DWM 1917, 4732 h.

8,83 ni kipenyo cha ndani cha mtutu kwa milimita, kilichopimwa kwenye migongo ya mifereji. Kawaida utaona 8,82 au 8,83 kwa mpangilio huo wa Kijerumani wa mkato badala ya nukta. Mtutu wenye namba kamili, herufi na kipimo ni mtutu wake wa asili, ilimradi fonti inafanana na ile ya fremu. Hapo umebahatika, kwa sababu mtutu uliobadilishwa huua thamani kuliko goti.

Goti la 18. Mafundi wa silaha wa jeshi na polisi walipobadilisha kipuri walikipiga namba ya bastola inayokipokea. Kipuri kilichobaki na namba ngeni maana yake hakikupita kwa fundi wa serikali. Mara nyingi ni watu waliozisafisha Luger mbili juu ya meza moja wakazirudisha vibaya, na goti ndilo linaloponyoka kwa urahisi kuliko vyote kwa sababu linatoka zima zima na linaingia kwenye bastola yoyote. Kwa hiyo hesabu hiyo kama kasoro ya baada ya vita. Wakusanyaji wengi hukadiria bastola yenye goti lisilolingana kuwa karibu nusu ya bei ya bastola iliyokamilika. Mimi naona ni kadirio la haki kwa P08 ya kawaida, ila kwa yenye alama za polisi zinazosomeka ningelegeza kidogo.

Fungua uangalie vitu vitatu zaidi. Kwanza pini ya kugongea, kama ina namba ni 18 au 32. Ikiwa 32 ilhali kizibo ni 18, kuna mtu alikuwa anajaribu kuilinganisha. Pili, kile kipini kinene cha nyuma kinachofunga goti kwenye sehemu ya juu. Tatu, ndani ya vibao vya mpini, ambako hupigwa namba mbili za mwisho. Vibao vikiwa 32 vina thamani, hata vikiwa vimechakaa.

Halafu tazama hizo 32 zenyewe kwa kioo cha mara kumi. Namba iliyopigwa upya ina dalili zake: chuma kinachoizunguka kimezama kidogo kwa sababu namba ya zamani ilisagwa kwanza, bluu, yaani ile rangi ya kukinga chuma, imekatika au ni ya rangi nyingine hapo tu, na miguu ya 2 au kichwa cha 3 havifanani na vile vya 4732 ya mbele ya fremu. Ulinganishaji wa aina nyingine kabisa ni ule wa bastola zilizotekwa na Warusi: namba huchorwa kwa kalamu ya umeme, nyembamba na za kutetemeka, bluu ni nzito ya kuzamisha, na mara nyingi kuna X ubavuni. Yako haina hayo, lakini ujue kuyatofautisha.

Kuhusu rangi nyeusi ya triga: P08 ya DWM ilipakwa bluu ya kutu, ile ya kuotesha kutu nyembamba, kuichemsha na kuipiga brashi, mara kadhaa. Kazi hiyo ilifanywa nje tu. Ndani ya fremu, kisima cha magazini, ndani ya sehemu ya juu, vyote vilibaki chuma cheupe. Triga, wenzo wa kufungulia, wenzo wa usalama na kitufe cha magazini vilipata rangi ya majani makavu kwa moto, kama nyuzi 220 hivi. Kiwanda cha Mauser, waliochukua utengenezaji kutoka 1930, ndio walioachana na hiyo njano mwaka 1937 walipohamia bluu ya chumvi ya moto. Kwa hiyo triga nyeusi kwenye bastola ya 1917 ina maelezo matatu tu: imebadilishwa, imepakwa, au bastola nzima imezamishwa kwenye chumvi. Kipimo ni kimoja: mulika kurunzi ndani ya kisima cha magazini. Kukiwa na bluu mle ndani, imezamishwa. Kukiwa cheupe au kijivu chenye mafuta ya zamani, nje ni ya asili na tatizo ni triga peke yake.

Mama_Pangani

Naomba niulize hapohapo kwa sababu linahusiana. Nimeona tangazo la P08 nyingine, nayo ya 1917, muuzaji ameandika "ilitumika Afrika Mashariki ya Kijerumani chini ya Lettow-Vorbeck". Sisi wa huku inatugusa. Inawezekana?

Fundi_Mzizima

Mama, kwa ya 1917 haiwezekani, na sababu ni ya bahari, siyo ya bastola. Lettow-Vorbeck ndiye aliyeliongoza jeshi la Wajerumani huku wakati wa vita.

Meli mbili tu za shehena zilipenya mzingiro wa Waingereza kuja na silaha. Rubens, iliyojifanya ya Denmark kwa jina la Kronborg, ilifika ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga Aprili 1915, na Marie ilifika ghuba ya Sudi kusini ya Lindi mwaka 1916. Baada ya hapo hakuna kilichofika. Novemba 1917 Wajerumani walijaribu kwa ndege ya puto L 59, ikaondoka Jamboli huko Bulgaria, ikavuka jangwa, ikageuzwa ikiwa juu ya Sudan na kurudi na shehena yake. Bastola iliyotoka kiwandani Berlin 1917 haikuwa na njia ya kumfikia askari au ofisa aliyekuwa Newala au Mahiwa mwaka huohuo.

Ya 1914 au kabla yake, au hata iliyopakiwa kwenye Marie, mtu anaweza kukuletea hoja ukamsikiliza. Lakini hoja hiyo iwe na karatasi: barua, orodha ya kikosi, picha yenye namba. Muhuri wa kikosi cha makoloni mbele ya mpini ndio unaoghushiwa sana, kwa sababu unapandisha bei kwa kazi ya dakika tano na patasi za herufi. Muhuri wa zamani una kingo zilizolainika pamoja na chuma kinachouzunguka, na kutu ndogo imo ndani ya herufi kama ilivyo nje. Muhuri mpya una kingo kali zilizovimba juu kidogo, unazisikia ukipitisha ukucha, na chini ya herufi chuma kinang'aa.

Jambo lingine ambalo wengi hawalifikirii: Novemba 1917 jeshi hilo lilivuka Ruvuma na kujipatia silaha na risasi za Wareno pale Ngomano. Jeshi la Ureno nalo lilikuwa na Luger yake, m/909, ya milimita 7,65 na si 9, yenye usalama wa kubana nyuma ya mpini na herufi M na tarakimu 2 zikiwa zimesukana chini ya taji juu ya chemba, za mfalme Manuel wa Pili. Sisemi kwamba fulani aliitwaa pale. Nasema ukiambiwa "Luger ya vita vya Afrika Mashariki", kwanza uliza ni ya nani, maana Wajerumani hawakuwa peke yao wenye Luger.

Mchonga_Mpini

Mimi nijibu la kupiga uwanjani na la kuifungua, kwa sababu hapo ndipo watu wanavunja vitu.

Kuifungua. Magazini nje, chemba tupu, umehakikisha. Kandamiza mdomo wa mtutu kwenye ubao laini mpaka sehemu ya juu irudi nyuma kama sentimita moja. Zungusha wenzo wa kufungulia uelekee chini. Inua bamba la pembeni. Achia taratibu, sehemu yote ya juu itateleza mbele na kutoka. Usiguse upau wa kushoto, kwa ile sababu aliyoieleza Fundi. Kutoa goti, likunje kidogo liondoe mkazo, sukuma pini ya nyuma itoke, goti na kizibo vinateleza nyuma pamoja. Pini ya kugongea imeshikwa na kizibo kidogo chenye mfereji nyuma ya kizibo cha chemba: kisukume ndani kwa bisibisi inayokaa sawasawa, kizungushe robo mzunguko, na uweke kidole gumba, kwa sababu springi inaruka na kupotea.

Kuirudisha ndipo penye mtego. Chini ya goti la nyuma inaning'inia ndoana, na ndoana hiyo lazima ikamate wenzo wa springi kuu ulio ndani ya fremu. Ukirudisha bastola ikiwa wima, ndoana inaning'inia pasipofaa na inakaa upande usio wake. Utajua kwa sababu goti litainuka jepesi bila upinzani wowote, kisha litakwama. Usilazimishe. Geuza vyote viwili miguu juu, fremu na sehemu ya juu, ili ndoana iangukie mahali pake yenyewe, kisha teleza. Ukivuta goti ukasikia springi nzito, umefaulu.

Kibao cha kushoto cha mpini: ncha yake ya juu, karibu na wenzo wa usalama, ndiyo inayomeguka kwenye Luger nyingi sana. Mti pale ni mwembamba kama ganda la embe, na unapita chini ya wenzo. Ukifungua skrubu, peleka wenzo wa usalama katikati, si juu wala chini, kisha inua kibao kuanzia chini, ukisukuma juu kidogo kwa kidole, kiteleze kitoke. Anayekikwanyua kutoka juu anabaki na kipande cha milimita tano mkononi. Tumia bisibisi iliyosagwa ijaze mfereji wote wa skrubu, la sivyo utaacha mikwaruzo mipya kwenye skrubu ya miaka mia moja.

Kupiga. Kwa hii, ikiwa utaamua, goti la 18 ni lazima likaguliwe na fundi wa bunduki kwanza, kwa sababu kizibo hakikuzaliwa na chemba hii. Apime nafasi kati ya uso wa kizibo na kitako cha ganda. Risasi iwe ya kawaida ya 9×19 yenye kichwa cha gramu 8 hivi. Ile ya asili ilikuwa na uzito huo, na goti linahitaji msukumo thabiti ili livunjike juu. Risasi dhaifu haifiki, goti linainuka nusu na ganda linakwama. Zile zenye nguvu kupita kiasi ziache kabisa: Luger haisamehi, kipuri kinachopasuka ni chenye namba. Kivuta ganda na pini ya kugongea weka vya kisasa, vile vya asili vifunge kwenye mfuko pamoja na karatasi ya namba. Kukwama kwingi kwa Luger kunatoka kwenye magazini yenye springi iliyochoka. Kabla ya kulaumu bastola, jaribu magazini nyingine nzima.

Na magazini hiyo ya alumini usiitupe wala usiione mbaya. Ya 1917 ilikuwa na kitako cha mbao, chenye namba ya bastola, na ya akiba ilipigwa alama ya +. Kitako cha alumini kilikuja baada ya vita. Polisi walipiga namba ya bastola pamoja na 1 au 2 kuonyesha ni magazini ya kwanza au ya pili. Kwa hiyo magazini ya alumini inafaa kabisa kwa bastola ya polisi, hata kama namba ni ya nyingine. Iangalie kama ina 1 au 2.

Kioo_Mara_Kumi

Neno la usafi, kwa kuwa sijaliona popote hapo juu. Usiitie msasa, usiipeleke kwenye gurudumu la kung'arishia, usiipake bluu mpya kwa nia njema. Kutu nyekundu ya juujuu: paka mafuta mepesi, acha siku mbili, kisha kwangua kwa senti ya Marekani ya kabla ya 1982, kwa sababu ni asilimia 95 shaba na ni laini kuliko chuma cha bastola. Shaba inaondoa kutu na kuacha bluu. Kutu nyeusi iliyotulia iache, hiyo haili tena.

Chuma_Kale

Shukrani sana wote. Nimerudi mezani kwa muuzaji na kurunzi na kioo. Matokeo:

Kisima cha magazini ndani ni cheupe, na ndani ya fremu pia. Kingo za fremu bado ni kali na nembo ya DWM ina kina. Wenzo wa kufungulia nilipoutoa, ule mhimili wake unaojificha una njano iliyofifia, lakini mkono wa nje ni mweusi. Triga ina 32, na sehemu yake iliyofichwa na bamba la pembeni nayo ni ya njano. Kitambaa chenye mafuta kimetoka na weusi. Pini ya kugongea ni 18. Vibao ni 32, kushoto pamemeguka ncha ileile mliyosema. Mbele ya mpini, kwa taa ya chini, nimesoma S.D., kisha namba ya Kirumi II, kisha namba ya tarakimu tatu ambayo ya katikati haionekani. Magazini ina 1 baada ya namba yake.

Kioo_Mara_Kumi

Basi imekaa sawa. Bluu ya nje ni ya asili, na huo weusi wa triga na wenzo ni bluu baridi ya kupaka, ndiyo maana inatoka kwenye kitambaa. Mtu alidhani njano ni kutu au uchakavu akaifunika. Usiiondoe kwa tindikali, maana itaondoka na njano iliyobaki chini. Mafuta na kitambaa cha pamba, kila mara kidogo, mpaka iache kutoka.

Pini 18 na kizibo 18 vinamaanisha goti lilihamia zima, hakuna aliyejaribu kulinganisha kwa siri. Hiyo ni habari njema kwako: ni kasoro moja, na inajulikana.

Fundi_Mzizima

Mwambie muuzaji hivi hivi, bila ugomvi: P08 ya DWM 1917, namba 4732 h, mali ya dola 1920, Schutzpolizei Düsseldorf, springi ya usalama imetolewa, goti halilingani, triga na wenzo vimepakwa. Bei iwe ya hicho. Akishikilia SS, mwachie.

Kabla ya kuhama nayo, mambo ya sheria ya hapo Marekani. Silaha iliyotimiza miaka 50 katika hali yake ya asili huingia kwenye kundi la silaha za kumbukumbu, na kuna leseni ya shirikisho ya wakusanyaji kwa ajili hiyo, lakini sheria ya jimbo lako inasimama peke yake, isome. Angalia pia kama ina muhuri wa mwagizaji: sheria ya 1968 inadai kampuni inayoingiza silaha iipige jina lake. Usipouona, huenda iliingia kabla, pengine kwenye begi la mwanajeshi aliyerudi nyumbani. Na ile nundu nyuma ya mpini, iliyoanza kuwekwa 1913, ni ya kufungia kitako cha mbao. Usinunue kitako ukakifunga kwenye mtutu huu wa milimita 100. Kwa sheria ya 1934 inageuka bunduki fupi ya bega, na bila kibali ni kosa kubwa hata kama hujapiga risasi.

Mama Pangani, kwa wa Tanzania na Kenya: bastola kongwe iliyokutwa sandukuni au shambani ni silaha kama silaha nyingine mbele ya sheria, umri hauiondolei leseni. Usiifungue, usijaribu kutoa risasi iliyokwama. Piga picha ilipo, kisha waite polisi waje waichukue, na picha hizo ndizo utakazowapelekea watu wa makumbusho waisome.

Chuma_Kale

Amekubali kushusha. Nimeandika kadi yake: DWM 1917, 4732 h, 8,83, S.D. II, goti 18, magazini nyingine yenye 1. Sasa natafuta magazini ya alumini yenye 4732 na 2, au hata 1. Mwenye kuiona popote anijulishe.